Wodi nzima ina presha 120/80: barua ya wazi kwa wanaosimamia elimu ya uuguzi

Kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, Wizara ya Afya, Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, wakuu wa vyuo vya uuguzi vya Kilimanjaro na Arusha, na wauguzi wafawidhi wa hospitali zinazopokea wanafunzi.

Waheshimiwa viongozi, wakufunzi wangu, na wenzangu wa kazi,

Shikamooni.

Mimi ni muuguzi mkunga hapa Moshi, mwaka wa 16 sasa kwenye wodi ya wazazi. Sijasomea ualimu. Lakini kila Jumatatu ya mzunguko mpya nawakuta wamejipanga karibu na meza ya dawa, sare zimenyooshwa, kalamu mpya mfukoni, daftari mkononi: wengine wa chuo hiki, wengine wa chuo kile, mara nyingine vyuo vitatu kwa asubuhi moja. Wananiamkia kwa pamoja, naitikia marahaba, na kuanzia hapo ni wangu. Hakuna barua iliyowahi kuniambia kwamba mimi ni mwalimu wao, wala aliyenipunguzia mgonjwa hata mmoja ili nipate nafasi ya kuwa mwalimu.

Nimeandika barua hii kichwani kwa muda mrefu. Kilichonifanya niikamilishe ni usiku mmoja wa masika.

Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ukimwita mtu upande wa pili wa wodi hasikii. Tulikuwa wauguzi wawili na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili. Nilimpa kazi ya kupima presha kwa akina mama 9, nikaingia leba kwa mama aliyekuwa anakaribia. Nilipotoka, kama saa 8 usiku, nikapitisha macho kwenye chati. 120/80. 110/70. 120/80. 120/80. Wodi nzima ilikuwa na afya ya wanariadha. Kwenye kitanda cha dirishani kulikuwa na mama aliyeletwa jioni kwa bodaboda kutoka upande wa Kahe, mimba yake ya kwanza, amekaa kitako ameshika paji la uso. Nikamuuliza vipi. Akasema, "Kichwa kinanigonga sista, na naona kama vinzi vinaruka machoni." Chati yake ilisema 120/80. Nikampima mwenyewe: 170/110. Mkojo ukaonyesha protini alama tatu. Dalili za kifafa cha mimba.

Wakunga wanaosoma hapa wanajua kilichofuata: kumwita daktari, magnesiamu ya kuzuia degedege, dawa ya kushusha presha, mkono mmoja kwenye mshipa na jicho moja kwenye saa. Mama alijifungua salama kabla ya mchana na akarudi nyumbani na mwanawe. Sisimulii ili mtokwe machozi. Nasimulia kwa sababu ya mazungumzo niliyokuwa nayo asubuhi na yule mwanafunzi, tumekaa kwenye kichumba cha chai, yeye hajagusa andazi lake.

Nilimuuliza taratibu kilichotokea. Akasema, "Sista, sikusikia kitu kwenye stetoskopu. Mvua ilikuwa kubwa. Nikaona haya kukuuliza mara ya tatu."

Mara ya tatu. Kumbe alishaniuliza mara mbili. Na nikakumbuka jibu nililompa mara zote mbili, nikitembea, bila kumtazama: "Kwani chuoni mlifundishwa nini?"

Basi asiposikia kitu, akaandika kile alichofundishwa chuoni. Kwenye daftari lake presha ya kawaida ni 120/80, naye akaiandika. Ukimsikiliza vizuri, binti yule alinijibu swali langu kwa usahihi kabisa.

Nikamjaribu zaidi. Nikamwambia anitajie mambo ya kuangalia kabla ya kurudia dozi ya magnesiamu. Akayatiririsha kama sala ya asubuhi: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti likigongwa mguu uruke, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita, na dawa ya kuizima, kalsiamu glukoneti, iwe karibu. Hakukosea hata nukta. Nikampa kinyundo, nikanyoosha goti langu. Akagonga mfupa wenyewe, juu kabisa. Hakujua kwamba panapogongwa ni kwenye ule mkano ulio chini ya kifuniko cha goti, wala kwamba mguu lazima uning'inie umelegea. Kwenye mtihani wa maandishi alikuwa na alama ya juu darasani kwao. Alinionyesha.

Waheshimiwa, kuna sentensi mbili zinazoendesha mafunzo ya uuguzi katika mikoa yetu hii, na hazimo kwenye mtaala wowote mliouidhinisha. Ya kwanza inasemwa chuoni: "Hili mtaliona wodini." Ya pili inasemwa wodini: "Kwani chuoni mlifundishwa nini?" Mtoto wa watu yuko katikati, amelipiwa ada kwa mauzo ya kahawa au ndizi, au kwa mkopo wa vikoba wa mama yake, anarushwa kutoka sentensi moja kwenda nyingine kwa miaka mitatu, kisha anapewa leseni.

Najua mtaniambia mitaala yetu siku hizi ni ya umahiri. Ni kweli, nimeisoma, imeandikwa vizuri. Shida ni kwamba umahiri tunaupima kwa vyombo vilevile vya kukariri. Mwaka 1990 daktari Mmarekani, George Miller, alichora piramidi ambayo wakufunzi wengi mnaifahamu: chini kabisa mwanafunzi anajua, juu yake anajua namna ya kufanya, juu yake anaonyesha, na kileleni anafanya, kwa mgonjwa halisi, siku ya kawaida, bila kuangaliwa. Daftari letu linakaa ngazi ya kwanza. Mtihani wa vituo, ule wa kengele na meza, ulioanzia Dundee kule Scotland kwa Ronald Harden mwaka 1975, unafika ngazi ya tatu. Ni mtihani mzuri, siupondi. Ila nimeusimamia, na nimeona ulivyogeuka kwetu. Mwanafunzi anaingia kituoni, anasimama mbele ya mdoli, anatamka kwa sauti: "Nanawa mikono." Hanawi. Maji hayapo. Msimamizi anaweka tiki. "Namweleza mgonjwa ninachotaka kufanya." Tiki. Nimewahi kumwona kijana akimtamkia mdoli "pole mama" bila kumtazama usoni, macho yako kwenye saa ya ukutani, akapata alama ya huruma.

Na ngazi ya nne, kule kileleni? Hiyo tumeiachia kitabu cha vitendo. Hapa itabidi nijitaje mwenyewe, maana nisipojitaja barua hii ni unafiki. Kitabu kile kinataka mwanafunzi aoneshe amezalisha mara kadhaa, ameweka kanula ya mshipani mara kadhaa, amejaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, mara kadhaa, kila mara na sahihi ya muuguzi aliyeshuhudia. Siku ya mwisho ya mzunguko wanakuja na vitabu vyao mikononi. Chuo hakiwapokei wakiwa na kurasa tupu. Mimi nataka kwenda nyumbani. Nimesaini. Nimesaini vitu nilivyoviona, nimesaini nilivyosikia vimefanyika, na nimesaini, Mungu anisamehe, vitu ambavyo nilikuwa likizo vilipofanyika, kama kweli vilifanyika. Hakuna muuguzi wa wodini atakayesoma hapa na kusema hajawahi.

Paulo Freire, yule Mbrazili, aliuita ufundishaji wa namna hii elimu ya benki: mwalimu anaweka amana, mwanafunzi anaitunza, siku ya mtihani inatolewa. Kwetu akaunti inafungwa siku hiyohiyo. Lakini sina haja ya kwenda Brazili. Mwaka 1967, Februari, lilitangazwa Azimio hapo Arusha, na mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea. Moja ya malalamiko yake ni kwamba shule tulizorithi zinamfanya kijana aamini kuwa maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni au kwa waliosoma, na adharau anayoyajua mzee wake. Akataka shule zifanye kazi, watoto wajifunze kwa kutenda.

Tunajua kilichotokea kwenye shule nyingi. Shamba la shule likageuka adhabu, au likageuka shamba la mwalimu mkuu. Watoto walilima, ndiyo, ila hakuna aliyewauliza kwa nini mahindi ya upande huu yamekuwa ya njano. Kutenda kulibaki, kujifunza kukaondoka.

Ndicho ninachokiona wodini. Tunasema wanajifunza kwa vitendo. Nendeni mkahesabu vitendo vyenyewe. Kupeleka damu maabara. Kufuata majibu ya damu maabara. Kusukuma kitanda kwenda picha ya mionzi. Kutandika. Kwenda getini kuwaita ndugu wa kitanda namba 6 walete nepi. Nimewahi kumkuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu ambaye katika wiki nne alikuwa anaijua njia ya kwenda duka la dawa kwa kufumba macho, na hajakaa hata dakika 20 mfululizo na mama mmoja mwenye uchungu. Hiyo ni kibarua isiyo na ujira, na tena amelipia yeye. Sikatai wasifanye hizo kazi. Mimi mwenyewe nazifanya, uuguzi una miguu mingi. Nakataa tuziite mafunzo.

Tofauti kati ya kibarua na mafunzo niliijua kabla sijavaa sare nyeupe, kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, kwa babu yangu Kibosho. Alinifundisha kupogoa kahawa nikiwa darasa la sita. Siku ya kwanza mkono wake ulikuwa juu ya mkono wangu, mkasi tumeushika wote. Baadaye akaondoa mkono, akabaki amesimama pembeni. Kisha akanipa miti mitatu ya mpakani, ile ambayo nikiiharibu hasara yake si kubwa, akaondoka kwenda kuangalia zamu yake ya maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia. Aliporudi hakuniambia nimekosea au nimepatia. Aligusa kila tawi nililolikata na kuuliza: "Hapa umekata kwa nini?" Kama nina jibu, anaendelea. Kama sina, tunakaa hapo. Yapo matawi niliyoyakata sawasawa kabisa lakini sikuwa na jibu, na babu hakuyahesabu.

Baadaye chuoni nilifundishwa majina ya wasomi walioandika kuhusu kumshika mwanafunzi mkono na kumwachia kidogokidogo. Nilijibu mtihani, nikapata alama nzuri, na sikuwahi kuunganisha jambo hilo na ule mkasi mpaka nilipoanza kupokea wanafunzi wangu mwenyewe.

Baada ya usiku ule wa mvua nilianza jambo dogo. Haligharimu kitu. Mwanafunzi akija, kwa siku tatu za kwanza tunapima presha wawili. Mimi napima, naandika kwenye kipande cha karatasi, nakunja. Yeye anapima mama yuleyule, anaandika, anakunja. Tunafungua pamoja mbele ya mama. Mara ya kwanza mimi nina 134/88 na yeye ana 120/80, kama kawaida. Hapo ndipo kazi inapoanza: umeuvaaje mkanda, umebana kiasi gani, mama amekunja miguu, mkono wake unaning'inia au umeegemea kitu, umefungulia hewa haraka mno, sauti ya kwanza umeisikia wapi na imepotelea wapi. Mama naye anachangia. Mmoja kutoka Uru alimwambia mwanafunzi, "Mwanangu, wewe umenibana kama mzigo wa majani ya ng'ombe." Kufikia mama wa kumi tofauti zetu zinakuwa za namba mbili, nne. Na kuna siku upimaji wangu mimi ndio uliokuwa na makosa, nikayakubali mbele yake. Sikudhani kukubali kungebadilisha kitu. Kesho yake aliniuliza maswali saba kabla ya chai.

Tatizo la 120/80 nimeliona likiisha kwa njia hiyo, mwanafunzi mmoja baada ya mwingine. Lakini naweza kufanya hivyo na wanafunzi wawili. Wakiwa 14 kwenye wodi ya vitanda 24, siwezi, na hakuna anayeweza.

Mnapenda ushahidi, na mko sahihi, basi niwape wa karibu, ambao hauhitaji pasipoti. Hospitali ya Haydom, Mbulu, mkoa wa Manyara. Mwaka 2010 watumishi wa leba kule walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga apumue, yale ya dakika ya dhahabu: mtoto asiyepumua aanze kupuliziwa hewa ndani ya dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa. Walipopimwa kwa mdoli baadaye, walikuwa wamepanda sana. Kisha wakaangaliwa wakiwa na watoto halisi, usiku na mchana. Walichokuwa wanakifanya kwa watoto hakikuwa kimebadilika. Semina ilimfikia mdoli, haikumfikia mtoto.

Hawakuishia hapo, na ndiyo maana nawapigia saluti. Kuanzia 2011 waliweka mdoli na mfuko wa kupulizia hewa palepale leba, na mazoezi yakawa mafupi na ya mara kwa mara, dakika 3 hadi 5 kila wiki, katikati ya zamu. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Mdoli ni uleule, somo ni lilelile, watumishi ni walewale. Kilichohama ni mahali na muda: kutoka ukumbini kwenda mezani pa kuzalishia, kutoka siku moja ndefu kwenda dakika chache zisizokoma.

Sasa niambieni kwa nini midoli ya vyuo vyetu imefungiwa. Nimeingia kwenye chumba cha mazoezi cha chuo kimoja, sitakitaja, nikakuta mdoli wa kuzalishia bado uko ndani ya nailoni yake, na ufunguo wa kabati uko kwa mtu aliyesafiri. Ulinunuliwa kwa ajili ya ukaguzi.

Jambo la lugha nitaligusa kidogo, ingawa najua linawakera baadhi yenu. Daftari la mwanafunzi ni la Kiingereza. Mama anaongea Kiswahili, bibi yake anaongea Kichaga, na wa kutoka Simanjiro anaongea Kimaasai na mume wake ndiye mkalimani. Sisemi tuache Kiingereza. Chati zinaandikwa hivyo na dawa zinasomwa hivyo. Ila nimewazoesha wanafunzi wangu, kabla ya kukabidhi zamu, wanieleze mgonjwa wao kwa Kiswahili tupu, kama wanamweleza mjomba wa mgonjwa. Ndipo unapomjua aliyeelewa na aliyemeza. Anayeweza kuniambia kwa nini mama mwenye dalili za kifafa cha mimba tunamhesabia mkojo, kwa maneno ambayo mama mwenyewe angeyaelewa, huyo simwogopi. Katika Kiingereza cha kukariri mtu anaweza kujificha miaka mitatu. Mkufunzi anayemkemea mwanafunzi kwa kuuliza swali la darasani kwa Kiswahili ajue anafunga mlango uleule ambao mimi niliufunga usiku wa mvua.

Ninachoomba sasa.

Naomba kila wodi inayopokea wanafunzi iwe na muuguzi mlezi kwa kila zamu, kwa barua, na siku hiyo apangiwe wagonjwa wachache kuliko wenzake. Na msimchague kwa ukubwa wa cheo. Patricia Benner, muuguzi Mmarekani, alieleza mwaka 1984 jinsi muuguzi anavyopanda kutoka mwanagenzi anayeshikilia kanuni mpaka gwiji anayeiona hali nzima kwa mtazamo mmoja. Watu husoma ngazi zile wakadhani gwiji ndiye mwalimu bora. Mimi baada ya miaka 16 nimeanza kuwa na mashaka. Nilipomwona yule mama wa Kahe nilijua ana shida kabla sijagusa mkanda wa presha. Nilijuaje? Siwezi kueleza vizuri, na ninachoshindwa kukieleza siwezi kukifundisha. Muuguzi wa mwaka wa nne au wa tano bado anakumbuka alivyokuwa haoni. Mpeni yeye, mimi niwe nyuma yake. Na kazi hiyo ihesabiwe waziwazi wakati wa kuhuisha leseni na kupanda daraja, kwa uzito usiopungua ule wa kukaa semina ya siku mbili hotelini.

Naomba mkufunzi wa chuo aonekane wodini akiwa kwenye sare, na siyo akiwa na faili la mahudhurio. Nusu siku kwa wiki, ashike mgonjwa pamoja na wanafunzi wake. Wapo wakufunzi ambao hawajagusa mgonjwa kwa miaka mingi, na wanafunzi wanajua, maana wanafunzi wanajua kila kitu. Hili pekee lingeziua zile sentensi mbili, kwa sababu chuo na wodi vitakuwa vimesimama upande mmoja wa kitanda.

Vyuo vyetu vya mkoa huu vikae meza moja na hospitali vipange mizunguko kwa ratiba ya pamoja. Hivi sasa kila chuo kinaandika barua yake, kila hospitali inapokea zote, halafu wiki moja wodi inafurika na wiki nyingine haina mtu. Hili halihitaji bajeti, linahitaji simu.

Na ukurasa mtupu uruhusiwe. Mwanafunzi ambaye mzunguko wake umepita bila kumwona mtoto aliyetanguliza makalio, aandike hivyo, aonyeshe kwa mdoli, asirudishwe nyumbani. Mkiendelea kudai idadi, mtaendelea kupata idadi.

Nasikia tayari jibu: wauguzi ni wachache, nani atabaki na wagonjwa huku mwingine anafundisha? Ni swali la haki, na uchache ninaujua kwa miguu yangu, siyo kwa takwimu. Lakini mwanafunzi ambaye hajafundishwa hanipunguzii kazi. Usiku ule aliniongezea, na nusura anigharimu mama. Huyohuyo baada ya wiki mbili za kukunja karatasi alikuwa anapima wodi nzima na naziamini namba zake. Muda ninaoukopa Jumatatu narudishiwa kabla mzunguko haujaisha.

Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, tunawasha mishumaa, tunakula kiapo, wageni rasmi wanatuita malaika wa ardhini. Florence Nightingale, yule Mwingereza mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa tunayemwashia mishumaa hiyo, alikuwa mtu wa namba na chati, na alipoanzisha shule yake London mwaka 1860 aliiweka ndani ya hospitali ya St Thomas', walikolala wagonjwa. Mwaka huu hotuba ikifika kwenye malaika, naomba mgeni rasmi aulize nani aliwafundisha malaika hao kupima presha, na saa ngapi.

Mzunguko mpya unaanza Jumatatu. Tunakabidhiana zamu saa 1:30 asubuhi. Ningependa mmoja wenu aje, bila msafara na bila kutangulizwa kwa simu, avae viatu visivyoteleza, akae nasi mpaka saa 8 mchana. Chai ipo. Yule binti wa usiku wa mvua yuko mwaka wa mwisho na amepangiwa kwetu tena. Muombeni kitabu chake cha vitendo mkikague. Kina kurasa mbili ambazo nimekataa kusaini, na mkimuuliza kwa nini, atawaeleza yeye mwenyewe, kwa Kiswahili.

Wenu katika kazi,

Muuguzi mkunga, wodi ya wazazi
Moshi